Mgeni anapokuja kula na waandishi: nani alipie sahani, nani aulize swali

SWALI

"Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa klabu ya waandishi wa habari katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Wanachama hai tuko kama arobaini. Mwaka huu tuliamua kuwa na chakula cha mchana kila mwezi: tunamwalika mtu mmoja, anazungumza, tunamuuliza maswali, tunaandika. Tumejaribu mara mbili na zote zimeharibika. Mara ya kwanza kiongozi mmoja alifika saa nane kasoro, akasoma hotuba ya kurasa kumi na saba, akaaga kwamba anawahi msiba. Hakuulizwa hata swali moja. Mara ya pili kampuni moja ililipia ukumbi na chakula, meneja wao akazungumza vizuri, na kesho yake magazeti na redio zote zikatoa habari moja inayofanana, ya kuisifu. Wanachama wawili wakanipigia simu kulalamika kwamba bahasha zao zilikuwa nyepesi kuliko za wenzao. Niliona aibu. Je, jambo hili linawezekana kwetu, au ni la wenzetu wa nje wenye hela zao? Na kama linawezekana, tuanzie wapi?"

JIBU

Marahaba, Ndugu Katibu. Nianze na hao wawili waliokupigia simu, maana wamekusaidia bila kujua. Siku ile mlidhani klabu ndiyo mwenyeji na meneja ndiye mgeni. Kumbe ukumbi wake, pilau yake, bahasha zake. Ninyi ndio mliokwenda kwake. Na mgeni mwenye adabu hamuulizi mwenye nyumba kwa nini majitaka ya kiwanda chake yanaishia ziwani.

Linawezekana. Nimeliratibu kwa miaka tisa katika klabu ya mkoa isiyo na gari wala jengo, na kuna miezi tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe. Lakini lina sharti moja, na likivunjwa hilo mengine yote ni kazi bure: chakula kilipiwe na anayekula. Hesabu yake nitakupa, maana najua hapo ulipo unatikisa kichwa. Kwanza niwaseme hao unaowaita wenzetu wa nje, kwa sababu nao hawakuzaliwa wakijua.

Klabu ya Taifa ya Waandishi wa Habari ya Marekani, National Press Club, ipo Washington tangu 1908. Ilianza kama kijiwe cha waandishi kukutana baada ya kazi. Utaratibu wa kula na mgeni mzungumzaji ulikuja 1932, na wa kwanza alikuwa Franklin D. Roosevelt, ameshachaguliwa kuwa rais lakini hajaapishwa. Tangu hapo wamepita marais, mawaziri wakuu, wachezaji filamu, majenerali. Mtindo wake wa miaka mingi ni mwepesi kuueleza: saa sita na nusu watu wanakaa kula, saa saba kamili mgeni anasimama, saa nane kamili kila mtu ameachiwa. Anayekula amenunua tiketi. Mwanachama analipa kidogo, asiye mwanachama analipa zaidi. Mgeni mwishoni anapewa kikombe cha kunywea kahawa chenye nembo ya klabu. Kikombe tu, mtu mzima na cheo chake anaondoka nacho mkononi.

Ila nataka uangalie namna wanavyouliza maswali. Katikati ya meza kuna kadi. Unaandika swali lako, kadi inapelekwa meza kuu, na mwenyekiti wa klabu ndiye anayemsomea mgeni. Wapo wanaoulaumu utaratibu huu, na lawama yao ina ukweli: mwenyekiti mwoga atachagua maswali ya sukari, na aliyeuliza hawezi kurudia pale mgeni anapokwepa. Lakini sikiliza kilichotokea Septemba 1959. Nikita Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alikuwa ziarani Marekani na akaja kula kwenye klabu hiyo. Mwenyekiti, William Lawrence wa New York Times, alimsimulia mgeni kisa kilichokuwa kinazunguka duniani: kwamba Khrushchev alipokuwa akiyasema maovu ya Stalin, aliyemtangulia madarakani, mbele ya wenzake, alipokea kikaratasi kinachouliza, wewe ulikuwa wapi wakati hayo yanatendeka? Akauliza ni nani aliyekiandika. Kimya. Basi akasema, na mimi nilikuwa nimenyamaza hivyo hivyo. Lawrence akataka kujua kama kisa hicho ni kweli. Khrushchev alikasirika waziwazi, akaliita swali la uchokozi na akakataa kulijibu. Waliokuwa ukumbini wakaondoka na habari, kwa sababu kukataa nako ni jibu, na uso wa mtu nao unaandikika.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na jambo jingine ukumbini ambalo watu wengi hawalisemi. Wanawake waandishi walikuwa wamekaa chini, kwenye meza, wanakula. Klabu ile haikuwa na mwanachama mwanamke hata mmoja. Katikati ya miaka ya 1950 walianza kuruhusiwa kuja kuandika habari za wageni, lakini juu kwenye roshani, wamesimama wamebanana, bila chakula na bila ruhusa ya kuuliza. Ugeni wa Khrushchev ulikuwa mkubwa mno kuwafungia nje, wakapigania viti na kuvipata kwa siku moja. Baada ya hapo wakarudishwa roshani. Agosti 1963 A. Philip Randolph, mmoja wa viongozi wa Maandamano ya Washington ya kudai haki za watu weusi, alikwenda kuzungumza pale siku mbili kabla ya maandamano yenyewe, na waandishi wanawake wakalalamika kwamba mtu wa haki atazungumzaje katika ukumbi unaowapandisha wenzao darini. Alizungumza. Uanachama waliupata 1971.

Nimekusimulia hayo kwa sababu roshani ipo hata kwetu, ila haina ngazi. Hebu kumbuka chakula chenu cha pili. Nani alisimama mlangoni na daftari la mahudhurio? Nani aligawa maji? Nani alimvisha mgeni shada? Mimi kwenye klabu yangu niligundua mwaka wa tatu kwamba waandishi wetu watatu wa kike, mmoja wao akiwa hodari kuliko sisi sote kwa kusoma mahesabu ya halmashauri, hawakuwahi kuuliza swali hata moja kwa mwaka mzima. Walikuwa "mapokezi". Tukaajiri kijana wa chuo kwa siku ile moja ya mwezi, na mwezi uliofuata mkurugenzi wa idara fulani alitoka na jasho shingoni.

Sasa twende Tokyo, maana hapo ndipo swali lako linapojibiwa.

Oktoba 1974 jarida la kila mwezi la Bungei Shunju lilitoa uchunguzi mrefu wa mwandishi Tachibana Takashi, ukionyesha kwa nyaraka na mahesabu jinsi waziri mkuu Tanaka Kakuei alivyokuwa akipata na kutumia fedha. Magazeti makubwa ya Japani, yenye wasomaji mamilioni, hayakulishika. Hayakuwa na uvivu wala ujinga. Japani ina utaratibu wake wa vilabu vya waandishi, ambavyo kwa Kijapani huitwa "kisha kurabu": kila wizara, kila chama, kila polisi ya mkoa ina chumba cha waandishi wake, wana meza mle, wanapata taarifa mle, wanashinda na wakubwa tangu asubuhi hadi usiku. Anayemuudhi mkubwa anahatarisha mlango wa chumba. Baadaye walipoulizwa, baadhi ya waandishi wa siasa walisema hayo ya Tanaka waliyajua zamani.

Tarehe 22 Oktoba Tanaka alikwenda kula chakula cha mchana kwenye Klabu ya Waandishi wa Nje ya Japani, klabu iliyoanzishwa 1945 na waandishi walioingia na majeshi ya Marekani. Pale hakuna aliyekuwa na meza wizarani. Wakamuuliza kuhusu lile jarida. Akajibu kwa kuzunguka, akaulizwa tena. Akazunguka, akaulizwa tena. Akaondoka kabla ya muda. Kesho yake magazeti yale yale yaliyonyamaza yakaandika ukurasa wa mbele, kwa sababu sasa habari haikuwa uchunguzi wa jarida. Habari ilikuwa kwamba waziri mkuu amebanwa maswali hadharani. Tarehe 26 Novemba akatangaza kujiuzulu.

Sasa jiulize, Ndugu Katibu: mchana ule ulifichua nini kipya? Hakuna. Kila kitu kilikuwa kimeshachapishwa na kinauzwa vibandani. Kilichoongezeka ni mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa mbele ya watu, tena na watu wasiomdai wala kudaiwa naye. Chakula ni kisingizio cha kumkalisha. Klabu haina kingine cha kuuza zaidi ya hicho, na ninyi mara ya pili mlikiuza kwa pilau.

Hesabu. Ninajua mwandishi wa mkoani anaishije, maana nimeishi hivyo. Wengi wenu mnalipwa kwa habari iliyotoka, si kwa iliyoandikwa, na malipo yenyewe yanaweza kuja baada ya miezi miwili. Ukimwambia mtu wa namna hiyo atoe Sh 12,000 kula kuku hotelini ili apate habari ambayo pengine mhariri ataikata iwe aya mbili, atakucheka. Kwa hiyo usiende hotelini. Tafuta mama lishe mwenye usafi wake, mpatane wali, maharage, mchicha na samaki kipande, Sh 5,000 sahani. Alikeni watu 15 wasio waandishi: wakili, mhadhiri, wenye maduka, mchungaji, sheikh, mwenye shule. Hao watalipa Sh 10,000 na hawatalalamika, kwa sababu wanalipia kukaa meza moja na mgeni na kusikia kwa masikio yao. Wanachama 25 wakilipa Sh 5,000 mnakuwa na Sh 125,000, na wale 15 wanaleta Sh 150,000. Jumla Sh 275,000. Sahani 40 na nne za mgeni na watu wake ni Sh 220,000. Zinabaki Sh 55,000 za kukodi spika na maiki mbili na kununua maji. Ukumbi? Darasa la Jumamosi, ukumbi wa parokia, ukumbi wa chama cha ushirika. Mara nyingi ni barua tu.

Na asiyekuwa na Sh 5,000? Aingie, akae mezani, sio ukutani, anywe maji, aulize. Kutokula kusimnyime mtu swali. Sisi tulikuwa na mzee mmoja wa redio ambaye kwa miaka yote hakununua sahani, alikuja na karanga zake kwenye karatasi ya gazeti, na ndiye aliyekuwa akiogopwa.

Kuhusu bahasha sitakuhutubia. Nitakuambia tulivyofanya. Kwenye barua ya mwaliko tuliandika sentensi moja kwamba klabu haipokei fedha kutoka kwa mgeni na inaomba wasaidizi wake wasigawe chochote kwa wanachama. Sentensi hiyo ilitukosesha wageni wawili mwaka wa kwanza. Ilitukosesha pia wanachama sita, ambao waligundua ghafla kwamba Jumamosi wana shughuli za kifamilia. Mwaka wa pili wanne walirudi. Lakini jambo lililotushangaza lilikuwa upande wa pili: maofisa habari wa taasisi walianza kutupigia simu wenyewe. Mkubwa anayejua kwamba kikao hakinunuliki anajua pia kwamba akisifiwa pale, sifa hiyo ina uzito. Kuna waliotaka huo uzito.

Mfadhili je? Mtapata watakaosema, tunalipia chakula tu, hatuingilii. Wajibu kwa heshima: mnaweza kununua sahani zenu tatu kama wengine. Kuna shirika moja lilikasirika, likasema tunajidai. Sawa.

Angalia pia ukumbi ni wa nani. Agosti 2018 klabu ya waandishi wa nje ya Hong Kong ilimwalika Andy Chan, kijana aliyekuwa akidai Hong Kong iwe nchi huru. Beijing ilitaka mwaliko ufutwe. Klabu ikakataa, chakula kikaliwa, kijana akazungumza, akaulizwa maswali. Miezi miwili baadaye Victor Mallet wa Financial Times, makamu wa rais wa klabu aliyeongoza kikao kile, alinyimwa kibali kipya cha kufanya kazi. Na jengo la klabu, jumba la zamani la kuhifadhia barafu na maziwa, ni la serikali. Wao ni wapangaji. Sisemi hivyo kukutisha. Ila kama ukumbi mnaotumia ni wa ofisi au wa hoteli ya mwanasiasa, jueni mapema ni mgeni yupi atakayewafanya mkute mlango umefungwa asubuhi ya kikao. Sisi tulikuta kufuli mara moja. Ndiyo asili ya ule mwembe.

Tuje kwa yule wa kurasa kumi na saba. Huyo tatizo lake lilianza kwenye mwaliko. Nadhani mlimwandikia "mgeni rasmi". Ukimwita mtu mgeni rasmi umemwambia aje asome hotuba, akabidhiwe zawadi, aondoke na msafara. Mwandikie "mzungumzaji". Mwambie dakika 20 ni zake na dakika 35 ni za maswali, na rudia hivyo kwa simu kwa msaidizi wake, maana mkubwa hasomi barua, msaidizi ndiye anayesoma. Omba hotuba siku moja kabla. Ikija, igawe kwa kila mwanachama usiku ule ule. Kesho mwenyekiti anaanza hivi: "Mheshimiwa, hotuba yako tumeshaisoma, tunaomba utupe yale ya moyoni." Hata yule mwenye karatasi mkononi ataziweka chini.

Kuchelewa kuna dawa moja, nayo ni kula. Saa sita na nusu pakueni, mgeni awepo asiwepo. Watu wenye njaa wanaomsubiri mkubwa wanakuwa waombaji; walioshiba wanakuwa wenyeji. Mwaka wa tano mzungumzaji wetu alifika saa saba na dakika ishirini na tano, wapambe wanne mbele, simu sikioni. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mpole sana wa sauti ndogo, alimwendea akamwambia: "Karibu baba, chakula chako tumekufunikia. Muda uliobaki ni dakika thelathini na tano, na hizo ni za maswali. Utakula kwanza au tuanze?" Yule bwana alitazama sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, akatazama ukumbi mzima uliokuwa unafuta midomo, akacheka. Akasema tuanze. Sijawahi kuhudhuria kikao kizuri kama kile.

Lakini saa isiwe sanamu ya kuabudiwa. Machi 1995, pale Hoteli ya Kilimanjaro, Mwalimu Nyerere alizungumza na waandishi wa habari juu ya nyufa alizoziona kwenye nyumba ya taifa: Muungano, kupuuzwa kwa Katiba, rushwa, ukabila, udini. Alizungumza kwa kirefu, na miaka thelathini baadaye watu bado wanayarudia. Mkimpata mwenye la kusema kiasi hicho, mwenyekiti avue saa aitie mfukoni.

Kadi au maiki? Kwa mkoa, nakushauri uanze na kadi. Kwenu kila mtu anamjua kila mtu. Kuna mwandishi wa chombo cha serikali ambaye hawezi kusimama akamuuliza mkubwa kuhusu mradi uliokwama, ila anaweza kuandika. Kadi haina sura. Inakuepusha pia na yule ndugu yetu wa kila ukumbi anayeshika maiki na kusema, "Mimi nina maswali matatu na mchango mmoja." Mchango wenyewe dakika tisa. Mwenyekiti asome kadi kwa dakika 20, halafu afungue maiki kwa dakika 15 za mwisho ili walioona mgeni amekwepa wamrudishe. Kadi zote zihifadhiwe kwenye bahasha (hiyo ndiyo bahasha halali) ili mtu akilalamika kwamba swali lake limefichwa, afunguliwe aone. Na swali la kwanza kabisa liwe la mwenyekiti mwenyewe, lile ambalo kila mtu ukumbini analijua na anajifanya halijui. Likishatoka hilo, mengine yanafuata kwa urahisi.

Msaidizi wa mgeni atakuomba maswali mapema. Mpe mada, usimpe maswali.

Kanuni ya kunukuu itangazwe kabla mgeni hajasimama: kinachosemwa kwenye maiki kinaandikwa chote, kinachosemwa mezani wakati wa kula hakinukuliwi mpaka msemaji aridhie. Mgeni akifika katikati akasema "hii msiandike", mwenyekiti amkatize papo hapo: hapa kinaandikwa, kama hutaki kiandikwe usikiseme. Inaonekana ukali, lakini ndiyo inayomlinda. Mkimwachia, wawili watatii na wa tatu atarusha mtandaoni, na klabu itaonekana ya wasaliti.

Rekodini kila kikao. Januari 1950 Dean Acheson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alizungumza kwenye ile klabu ya Washington akataja mstari wa ulinzi wa nchi yake upande wa Pasifiki: Aleutian, Japani, visiwa vya Ryukyu, Ufilipino. Korea haikuwamo kwenye orodha. Tarehe 25 Juni vita vya Korea vikaanza, na wapinzani wake hawakumwachia pumzi: ni wewe uliyewapa adui ruhusa kwa maneno yale. Wanahistoria wanabishana hadi leo, na wanabishana juu ya maneno halisi. Rekodi za vikao vingi vya klabu ile sasa ziko Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwenu itatosha simu mbili mezani, moja ya akiba, na mtu wa kuhamishia sauti kwenye kompyuta jioni ile ile akaandika tarehe na jina. Ahadi ya barabara iliyotolewa mbele ya watu arobaini Machi ni habari tena Machi ijayo, lakini kama sauti ipo.

Mwisho, nani aalikwe. Hapa ndipo naona vilabu vingi vinapotea: vinawaza vyeo tu. Pangeni kwa majira. Aprili ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapofika bungeni, alikeni anayeweza kueleza hoja za halmashauri zenu. Juni bajeti. Msimu wa pamba, mtu wa ushirika. Na mwezi mmoja kati ya mitatu mwiteni asiye na cheo. Sisi tulimleta mama mmoja wa mwaloni, mchuuzi wa dagaa. Alikuja na kopo lake la kupimia. Akaligonga juu ya meza kuu, akasema bei haijapanda kwa miaka miwili, kilichobadilika ni hili, akaonyesha kitako cha kopo kilivyobonyezwa ndani. Hakuwa na hotuba. Mwandishi mmoja alikuwa na rula begini, akaenda akapima kina pale pale mezani, na ile picha ya rula ndani ya kopo ilitoka ukurasa wa mbele wa gazeti la Dar es Salaam. Wiki ile watu wa vipimo wakaingia sokoni.

Kuhusu kiongozi wenu wa mara ya kwanza, usimsuse. Mrudishieni mwaliko, safari hii hivi:

"Ndugu, klabu yetu inakualika kuzungumza na wanachama wake siku ya Jumamosi kuanzia saa saba kamili mchana hadi saa nane kamili. Mazungumzo yako yatachukua dakika 20 na maswali dakika 35. Chakula kinaanza saa sita na nusu na umekaribishwa kula nasi. Kila kitakachosemwa kwenye kipaza sauti kitaruhusiwa kunukuliwa. Klabu haipokei fedha wala zawadi kutoka kwa mzungumzaji, na inaomba wasaidizi wako wasigawe chochote kwa wanachama. Tunaomba nakala ya hotuba yako ifikapo Ijumaa saa kumi jioni. Sahani yako na ya dereva zitalipiwa na klabu."

Dereva usimsahau. Akikaa nje na njaa, saa saba na nusu ataanza kupiga honi.